Kabla ya Kununua Servo: Hotuba kwa Wajenzi wa Mashine za CNC

Ndugu zangu mafundi, walimu wa ufundi, wanafunzi, na nyote mnaojenga mashine kwa mikono yenu, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nataka kufunga servo kwenye mashine yangu ya mihimili mitatu, minne au mitano. Nitajie servo nzuri ya bei nafuu." Kwa aliye mgeni kati yetu: CNC ni mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, mhimili ni kila mwelekeo wa mwendo wake (X, Y, Z), na servo ni mota yenye enkoda, yaani kihisi kinachopima imezunguka kiasi gani. Muulizaji anataka jina tu, aende akaagize. Nami humrudishia maswali: meza yako ina uzito gani? Skrubu yako ina kipenyo gani na urefu gani? Ikizunguka mara moja, meza inasogea milimita ngapi? Wengi hapo hunyamaza, na ndani ya ukimya huo ndimo fedha zinamopotelea. Kwa kukosa hesabu, mtu ananunua mota kubwa kuliko haja yake ili awe na amani ya moyo, halafu anabana matumizi kwenye breki, kebo na kontrola, yaani kompyuta inayotoa amri za mwendo, ilhali hivyo ndivyo vitakavyoamua kama mashine itachonga au italala.

Kwa hiyo naomba leo tutembee kinyumenyume. Tuanze kwenye ncha ya kikatio, turudi kwenye skrubu, tufike kwenye mota, kisha draiva, yaani kifaa kinacholisha mota umeme kwa kufuata amri, na mwisho kontrola. Nitatumia mfano mmoja ili tusipotezane: mashine ya kufreza yenye meza ambayo, pamoja na vaisi na kipande cha kazi, inafika kilo 100. Inasukumwa na skrubu ya gololi yenye kipenyo cha 20 mm, urefu wa mita moja, na hatua ya 5 mm, yaani mzunguko mmoja unasogeza meza milimita tano.

Tuanze na nguvu. Mota ya servo ya 400 W, ile yenye flanji ya 60 mm na shafti ya 14 mm, kwa kawaida imeandikwa mizunguko 3,000 kwa dakika na nguvu ya kuzungusha, yaani toki, ya 1.27 Nm. Ukitaka kuhakiki kama maandishi hayo yana ukweli, zidisha toki kwa mizunguko ya dakika, gawa kwa 9,550, utapata kilowati: 1.27 mara 3,000 gawa kwa 9,550 ni 0.4. Hesabu hiyo iwekeni kichwani, kwa sababu muuzaji anayeandika wati nyingi na toki ndogo bila kasi inayolingana hapo ndipo mnapomkamata.

Sasa toki hiyo ikipita kwenye skrubu ya hatua ya 5 mm inageuka kuwa msukumo. Zidisha toki kwa 6.28, zidisha kwa ufanisi wa skrubu, ambao kwa skrubu ya gololi ni karibu 0.9, kisha gawa kwa hatua ikiwa katika mita. Jibu ni takribani Newtoni 1,400. Huo ni msukumo wa kuendelea, wa saa nzima ukitaka. Kwa sekunde chache mota hiyo inaweza kutoa mara tatu yake. Mashine ndogo inayochonga alumini, au hata chuma laini kwa kikatio cha milimita kumi, haihitaji msukumo wa namna hiyo. Tuseme kikatio kinasukuma kwa Newtoni 500, jambo ambalo kwa mashine ya ukubwa huu tayari ni kazi nzito. Mota itadaiwa 0.44 Nm, theluthi moja tu ya uwezo wake wa kawaida.

Na kasi? Kwa mizunguko 3,000 na hatua ya 5 mm, karatasi inakuahidi mita 15 kwa dakika. Lakini skrubu nayo ina neno lake. Skrubu ndefu na nyembamba ikizungushwa kasi kupita kiasi huanza kujipinda na kupiga kama kamba, na kasi hiyo ya hatari hupungua kwa mraba wa urefu wake. Skrubu yetu ya 20 mm na mita moja, iliyoshikwa imara upande mmoja na kuegemezwa kwenye beringi upande wa pili, kikomo chake cha usalama kiko karibu na mizunguko 2,500. Kwa hiyo hata ukinunua mota ya mizunguko 6,000, mashine hii itaishia mita 12 na ushei kwa dakika. Huwezi kuilaumu servo kwa hilo.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo watu wengi hulipita, nami naliona ndilo kubwa kuliko wati zote: inesha, yaani ukaidi wa kitu dhidi ya kubadilishiwa mwendo. Mota haisukumi meza peke yake. Inazungusha pia skrubu, kaplingi inayoziunganisha, na rota yake yenyewe, ile sehemu ya ndani inayozunguka, kila mara inapoanza na kila mara inapokata kona. Hebu tupime. Kilo 100 za meza, zikitazamwa kutoka kwenye shafti ya mota kupitia hatua ya 5 mm, zina inesha ya 0.63 kg·cm² tu. Skrubu yenyewe, chuma tupu cha kipenyo cha 20 mm na urefu wa mita moja, ina 1.23 kg·cm². Mara mbili ya meza! Mtu anakesha akipunguza uzito wa meza kwa kutoboa matundu, kumbe mzigo ulio mkubwa zaidi ni ule mwembamba uliolala chini yake. Tena inesha ya skrubu hukua kwa kipenyo kikipandishwa kwa kipeo cha nne. Ukihamia skrubu ya 25 mm kwa kudhani unaongeza uimara bure, inesha inaruka hadi 3.0 kg·cm². Uimara unaupata, ila unaulipia kwenye mota.

Rota ya mota nyingi za 400 W za inesha ndogo ina kama 0.3 kg·cm². Mzigo wetu ni 0.63 jumlisha 1.23, yaani 1.86. Uwiano wa mzigo kwa rota ni kama sita kwa moja. Watengenezaji wengi watakuambia hata kumi kwa moja inavumilika, na kwa mashine ya kufungasha vifurushi nakubali. Kwa CNC, ambayo kila kona na kila duara ni mtihani, mimi napenda tano kwa moja au chini ya hapo. Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuchukua aina ya 400 W yenye inesha kubwa, ambayo kampuni nyingi huwa nayo kwenye orodha ileile na hufika karibu 0.6, uwiano unashuka hadi tatu. Ya pili ni kutumia mkanda wa meno na puli za mbili kwa moja: inesha ya mzigo inayoonekana na mota inagawanywa kwa nne, toki inazidishwa kwa mbili, na kasi inapungua nusu. Ya tatu ni kupanda hadi 750 W, yenye rota ya karibu 1 kg·cm². Anayechukua njia hii ya tatu ajue alichonunua: amenunua inesha, maana nguvu alikuwa nayo tayari.

Tumalizie hesabu kwa mwendo wa kuongeza kasi. Tukitaka meza ichapuke kwa mita 2 kwa sekunde mraba, mwendo mzuri kabisa kwa mashine ya nyumbani au ya karakana ndogo, mota ya 400 W itadaiwa kama 0.54 Nm kuzungusha kila kitu, rota yake ikiwemo. Jumlisha 0.44 ya kuchonga, bado hatujafika 1.27. Kwa hiyo kwa mashine hii jibu limepatikana kwenye karatasi kabla ya kufungua pochi: 400 W zinatosha, na salio liende mahali pengine. Mashine yako ikiwa na hatua ya 10 mm, rudia hesabu. Msukumo unapungua nusu, na inesha ya meza inazidishwa mara nne. Ikiwa ni ya reli ya meno na pinioni, usijaribu kufunga mota moja kwa moja. Pinioni ya moduli 1.5 yenye meno 20 husogeza mhimili milimita 94 kwa mzunguko mmoja, na mota ikibaki bila giaboksi ya tano au kumi kwa moja itahangaika na mzigo mzito kupita kiasi huku ikizunguka polepole mno.

Wengine mnajiuliza kama mnahitaji servo kabisa. Ni swali la haki. Mota ya stepa, inayozunguka kwa vihatua vidogo vidogo bila kihisi cha kuihakiki, ina nguvu nyingi ikiwa polepole, halafu nguvu hiyo huporomoka kadiri kasi inavyopanda. Na ikiruka kihatua haisemi, inaendelea kuharibu kazi kwa utulivu. Katikati yake ipo stepa yenye enkoda, ile inayouzwa kwa jina la mzunguko uliofungwa (closed loop). Kwa mhimili unaotembea chini ya mizunguko 1,000 kwa dakika ni chaguo la heshima, na simcheki hata kidogo anayeichukua. Ukihitaji kasi ya juu ya hapo ikiwa na nguvu kamili, au ukimya na ubaridi wa mota wakati wa kazi ndefu, hapo servo ya mkondo wa AC ndiyo mahali pake.

Tuje kwenye enkoda, maana hapa ndipo matangazo yanapolewesha watu. Enkoda ya mistari 2,500, ikihesabiwa pande zote nne za mawimbi yake, inatoa hesabu 10,000 kwa mzunguko. Ya biti 17 inatoa 131,072. Ya biti 23 inatoa 8,388,608. Gawa hatua yetu ya 5 mm kwa 10,000: nusu mikroni. Sasa chukua skrubu yako ya kuviringishwa ya daraja la C7, ambayo watu wengi hapa mnaitumia. Daraja hilo linaruhusu kosa la 0.05 mm katika kila 300 mm, yaani mikroni 50. Enkoda ile ya mistari 2,500 tayari inahesabu vipimo vidogo mara mia kuliko kosa la skrubu hiyo. Na kama nati ya skrubu ina pleyi, yaani ulegevu, ya mikroni 30, enkoda iliyoko nyuma ya mota haitaiona kamwe. Itaapa kwamba meza iko mahali pake. Biti nyingi zina faida moja ya kweli: draiva inakokotoa kasi kwa ulaini zaidi mwendo ukiwa wa taratibu, na mota inatulia bila kunguruma. Biti 17 zinatosha kwa hilo. Zaidi ya hapo, kwa mashine ya skrubu ya C7, naomba fedha hizo ziende kwenye nati iliyokazwa vizuri.

Kuna enkoda inayokumbuka mahali hata umeme ukikatika, kwa msaada wa betri ndogo. Kwa mhimili wa kuzunguka na kwa mashine yenye vifaa vingi vya kubadilisha, ni raha kuwa nayo. Kwa mashine ya mihimili mitatu yenye swichi nzuri za mwanzo, zinazoionyesha mahali pa kuanzia kuhesabu, unaweza kuishi bila hiyo.

Hesabu za enkoda zinatupeleka kwenye kontrola, na hapa nimeona watu wazima wakikata tamaa. Draiva nyingi za bei nafuu hupokea mapigo na mwelekeo: pigo moja, hatua moja. Ukitaka skrubu yako izunguke mara 40 kwa sekunde, yaani mita 12 kwa dakika, na draiva inadai mapigo 10,000 kwa mzunguko, kontrola lazima itoe mapigo 400,000 kwa sekunde. Mach3, programu ya kuendeshea CNC, ikitumia bandari sambamba ya kompyuta huanza na 25,000. Gawanya: mizunguko miwili na nusu kwa sekunde, mita 0.75 kwa dakika. Mota mpya, draiva mpya, na mashine inatambaa! Mwenye mashine anaanza kuitukana servo.

Tiba ipo ndani ya draiva yenyewe, nayo ni gia ya kielektroniki: unaiambia draiva kwamba mapigo 1,000 ya kontrola ni mzunguko mmoja kamili. Kwa 25,000 unafika mita 7.5 kwa dakika, lakini kila pigo sasa ni mikroni tano. Kwa mbao hakuna atakayelalamika. Kwa kazi ya chuma yenye vipimo vya karibu ni heri utafute kontrola inayozalisha mapigo kwa maunzi yake, kama kadi za Mesa zinazoendeshwa na programu ya LinuxCNC, ili upate mamia ya maelfu ya mapigo bila kubana. Na angalieni waya: pembejeo, yaani mlango wa kupokea ishara, ya tofauti ya volti tano, yenye waya mbili kwa kila ishara, kwenye draiva nyingi hupokea mapigo hadi 500,000 kwa sekunde, na ile ya kolekta wazi (open collector) huishia 200,000 hivi. Draiva ni ileile; kinachobadilika ni jinsi ulivyoiunganisha.

Ipo pia njia ya mtandao, na iliyoenea zaidi ni EtherCAT, iliyoletwa na Beckhoff mwaka 2003. Kebo moja inapita kutoka draiva hadi draiva, na kontrola inasoma mahali pa kila mhimili kila milisekunde au chini ya hapo. Kwa mihimili mitatu naiona kama anasa yenye manufaa. Kwa mihimili mitano au zaidi, ambapo nyaya za mapigo, alamu, breki na uwezesho zinajaza sanduku hadi mlango haufungi, naanza kuiona kama akiba, hata kama draiva yake imezidi kidogo kwa bei. Ila kabla ya kuagiza hakikisha kontrola yako inaielewa draiva hiyo hasa. Neno EtherCAT kwenye boksi halitoshi.

Sasa naomba usikivu wenu wote, kwa sababu hapa ndipo mihimili mingi inapotofautiana na mhimili mmoja.

Servo inayotembea huwa nyuma kidogo ya amri yake. Kiasi inachochelewa ni kasi yake ikigawanywa kwa geini ya mahali, yaani namba ndani ya draiva inayoamua mota isahihishe kosa la mahali kwa ukali gani. Meza ikitembea mita 6 kwa dakika, yaani milimita 100 kwa sekunde, na geini ni 40 kwa sekunde, meza iko milimita mbili na nusu nyuma ya pale kontrola inapodhani ipo. Usishtuke. Mihimili yote ikichelewa kwa kiasi kinacholingana, kikatio bado kinapita kwenye mstari uleule, kimechelewa tu kufika. Balaa linaanza mihimili inapochelewa kwa viwango tofauti. Tuseme X ina geini ya 40 na Y ina 35, kwa sababu ulinunua draiva mbili za kampuni tofauti, au za kampuni moja lakini ukaziacha zijipime na kujipangia geini zenyewe kila moja kivyake. Chora mstari wa nyuzi 45 kwa mita 6 kwa dakika: kikatio kitapita pembeni ya mstari kwa karibu 0.18 mm. Hakuna alamu itakayolia. Kila draiva inajiona haina hatia.

Mkitaka kuliona kwa macho, chongeni duara kwa kasi kubwa kiasi, mkizunguka upande wa saa, kisha jingine kinyume cha saa. Pimeni kipenyo kwenye ulalo wa nyuzi 45 na ule wa 135. Kama duara la kwanza limelalia upande mmoja na la pili limelalia upande wa pili, geini zenu hazilingani. Kama ubapa unabaki palepale pande zote mbili, tafuteni kosa kwenye mashine: reli hazijakaa kwenye pembe ya mraba. Jaribio hilo halihitaji kifaa chochote zaidi ya kalipa nzuri na kipande cha alumini, na litawaambia mengi kuliko skrini ya draiva.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni kwamba mihimili inayochora pamoja ipewe mota na draiva za familia moja, ikiwezekana modeli moja. Mruhusu kila mhimili ujipime mara ya kwanza, utazame ni upi dhaifu kuliko yote, halafu ishushe mihimili mingine ifuate geini ya mahali ya huo dhaifu. Inauma kumshusha X mwenye nguvu ili alingane na Z, najua. Kisha fungua kilishio cha mbele cha kasi (feedforward), yaani amri ya kasi inayotangulia bila kusubiri kosa, ambacho draiva nyingi za kisasa hata za bei nafuu zinacho, kichelewesho kipungue kwa wote kwa pamoja. Na kwenye mashine ya lango (gantry), ambayo daraja lake husukumwa na mota mbili pande zote mbili, hakuna mjadala kabisa: mota mbili zifanane, draiva mbili zifanane, na namba zote za ndani zifanane.

Mhimili wa nne na wa tano, ile ya kuzungusha kipande, nitaupita kwa haraka. Mzigo wake hubadilika kila unapobadilisha kipande, kwa hiyo giaboksi kubwa inasaidia sana. Gia ya mnyoo ya 90 kwa 1 ikipewa mota ya mizunguko 3,000 inakupa mizunguko 33 kwa dakika, na kwa wengi inatosha. Ila pleyi ya gia hiyo, hata ikiwa ndogo, inakua kadiri kikatio kinavyokwenda mbali na kitovu. Pima pleyi kwanza, ndipo ufikirie mota.

Z, mhimili wa kupanda na kushuka, inadai breki. Skrubu ya gololi haijishikilii. Umeme ukikatika, kichwa cha mashine kinashuka chenyewe, na kinaweza kushuka juu ya kazi, juu ya vaisi, au juu ya mkono wa mtu. Mota ya Z inunuliwe ikiwa na breki ya volti 24 ndani yake, na breki hiyo iamriwe na draiva, ambayo inajua kuishika shafti kwanza ndipo iachie breki, na kuibana breki kwanza ndipo iachie shafti. Breki hiyo imetengenezwa kwa ajili ya kushikilia. Ukiitumia kusimamishia mwendo kila siku utaimaliza. Mtu anayeniambia ameacha breki ili kupunguza gharama, namwomba mbele yenu apunguze mahali pengine popote.

Vivyo hivyo waya wa alamu. Kila draiva ina kituo cha kutangaza kwamba imeshindwa. Vituo hivyo viungeni kwenye mnyororo mmoja hadi kontrola, ili Y ikianguka X na Z zisimame papo hapo. Mashine ambayo mhimili mmoja umekufa na mingine inaendelea inavunja vikatio, na si vikatio tu. Draiva ikiwa na pembejeo ya kukata toki kwa usalama, itumieni pamoja na swichi ya dharura. Na mkifungua sanduku kwa matengenezo, kumbukeni kwamba draiva ya volti 220 ina kapasita zilizojaa zaidi ya volti 300 za DC, na zinabaki zimejaa baada ya kuzima. Subirini taa ya chaji izime, subirini muda ulioandikwa kwenye kijitabu, halafu pimeni kwa mita kabla ya kugusa.

Rezista ya kuunguzia nishati inayorudi kwenye draiva mota inapofunga mwendo inawasumbua wengi bure. Mhimili wetu mzima ukizunguka kwa kasi ya juu una jouli chini ya ishirini. Kapasita za draiva nyingi humeza hizo bila kelele. Spindo ya servo, yaani mota ya kuzungusha kikatio, ikiwa na kikatio kizito na kusimama ghafla ni habari nyingine, na hapo rezista ni lazima.

Wengi mtavutiwa na vifaa vilivyotumika, vya Yaskawa, Mitsubishi, Panasonic au Fanuc, vilivyotolewa kwenye viwanda. Navipenda, ni vyuma vya kweli. Lakini mota na draiva za namna hii huongea kwa lugha ya siri ya kampuni kupitia enkoda. Mota bila draiva ya familia yake, kwa mjenzi wa kawaida, ni uzito wa kuzuia mlango. Nunua seti: mota, draiva, kebo zote mbili na viunganishi vyake. Viunganishi hasa, kwa kuwa vikikosekana vinaweza kukugharimu muda na fedha ambazo hukuzipanga.

Mkiwa mbele ya mota iliyotumika, fanyeni hivi. Zungusheni shafti kwa vidole, nyaya zikiwa hazijagusana: iwe laini, bila mkwaruzo wa beringi. Kisha unganisheni nyaya tatu za fezi pamoja mzungushe tena. Sasa shafti itakataa, na ikatae kwa kiasi kilekile mzunguko mzima. Pale inapolegea ghafla, pana koili au sumaku yenye tatizo. Pimeni ukinzani wa fezi mbilimbili. Namba tatu zilingane. Pimeni kati ya fezi na mwili wa mota kwa kifaa cha kupimia insulesheni. Na chonde chonde, msifungue kifuniko cha nyuma ili "kuisafisha" enkoda. Enkoda imefungwa ikiwa imelengwa na sumaku za rota. Ukiilegeza tu, mota inaweza kukataa kushika, au ikakimbia yenyewe mara inapowashwa.

Kwa vipya, soko limefunguka sana. Delta ya Taiwan, Leadshine na Inovance za China, zote zina seti za mota na draiva ambazo wajenzi wa CNC wanazitumia. Teknic ya Marekani ina ClearPath, mota iliyobeba draiva ndani ya mwili wake, inayopunguza nyaya. DMM ya Kanada imejijengea jina miongoni mwa wanaobadilisha mashine za zamani. Sina upendeleo wa kabila katika hili. Natazama vitu vichache: je, kijitabu kipo chote na kinasomeka? Je, programu ya kurekebishia inapatikana bila kununuliwa, na inachora grafu ya kasi na kosa la mahali? Je, mota hii itaendelea kupatikana ya X ikiungua? Draiva yenye grafu nzuri na kijitabu kizuri ina thamani kuliko draiva yenye wati mia zaidi. Bila grafu unarekebisha kwa kusikiliza sauti ya mota, na sikio halioni mikroni.

Cha rahisi ni ghali, waliosema hivyo wangeweza kabisa kuwa wanazungumzia kebo. Kebo ya enkoda iwe na wavu wa kinga uliofungwa vizuri kwenye mwili wa draiva, ipite mbali na kebo ya mota na mbali zaidi na kebo ya spindo. Kebo inayojikunja ndani ya mnyororo iwe imetengenezwa kwa kujikunja. Alamu za enkoda zinazotokea mara moja kwa juma, bila mpangilio, zinazomfanya mtu abadilishe draiva na hata mota, mara nyingi chanzo chake ni waya wa mita tatu uliopita mahali pabaya au ethi iliyolegea.

Neno la mwisho ni la mpangilio wa kununua. Usiagize mihimili yote kwa mara moja. Agiza seti moja, uifunge kwenye mhimili mgumu kuliko yote, kwa kawaida ule wenye mzigo mkubwa au skrubu ndefu. Urekebishe, uchonge nao, usome kwenye grafu toki inayotumika kweli wakati wa kazi yako nzito. Ikiwa iko chini ya nusu ya toki ya kawaida ya mota, umepata ukubwa sahihi wa mihimili yote na unaweza kuagiza iliyobaki ya modeli ileile. Ikizidi, umejifunza kwa mota moja badala ya tano.

Karatasi na kalamu ninazo hapa mezani. Aliyekuja na vipimo vya mashine yake, uzito wa meza, kipenyo, urefu na hatua ya skrubu, asogee mbele tukokotoe pamoja.